Ati "Bora Enzi ya Moi"? Hebu Tupige Hesabu Vizuri



Kuna neno limezoeleka mno barazani siku hizi. Kila mtu akichukuliwa, kila mama akilia kwenye taarifa ya habari, utamsikia mzee mmoja akiguna: "Bora enzi ya Moi." Kando yake kijana atamjibu: "Wacha hizo mzee, sasa tuna katiba, hii ni demokrasia." Wanabishana mpaka kahawa inaisha, na kila mmoja anaondoka akiamini ameshinda.

Mimi nasema wote wawili wamekosea. Na kosa lao si la baraza tu, linagharimu roho za watu. Wa kwanza amesahau. Wa pili amelala. Twendeni polepole.

TUANZE NA MZEE

Mzee wangu, shikamoo. Lakini enzi unayoililia naijua kwa vitabu, kwa ripoti na kwa midomo ya waliopita humo.

Hata kabla ya Moi, wakati wa Kenyatta, kijana wa hapa hapa Mji wa Kale, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka mwaka 1968 ukiitwa Kenya: Twendapi? Aliuliza swali tu. Jibu lake lilikuwa miaka mitatu gerezani, 1969 hadi 1972, na huko ndani akaandika kwa siri mashairi yaliyokuja kuwa kitabu cha Sauti ya Dhiki. Swali moja, miaka mitatu.

Akaja Moi. Juni 1982 Bunge likaifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka huo huo wahadhiri wakazolewa, na miongoni mwao alikuwa Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki. Akawekwa kizuizini bila kesi. Februari 1984, kule Wajir, wanaume wa Kisomali wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakaachwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja kusema karibu elfu moja, na huenda zaidi. Unaona pengo hilo? Hao wote ni watu waliofutwa hata kwenye hesabu.

Kisha kuanzia 1986 msako wa Mwakenya. Vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi. Watu walitiwa kwenye seli zilizojazwa maji, wakanyimwa chakula, wakapigwa, halafu wakapelekwa mahakamani jioni watu wameshatoka kazini, wakakiri na kuhukumiwa kwa dakika chache. Familia zao zilizunguka kituo hadi kituo wiki nzima bila kuambiwa kitu. Kwa hivyo mzee, usiniambie enzi ile "angalau ulijua mtu wako yuko wapi". Wengi hawakujua.

Na hapa kwetu? Mwaka 1992 Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili kwa madai kuwa ni chama cha dini. Mombasa ikachafuka, mabomu ya machozi na risasi, vijana wakajazwa kwenye malori. Sheikh Khalid Balala akatiwa ndani mara kadhaa, na alipokwenda Ujerumani serikali ikamnyima pasipoti, akabaki mkimbizi mwenye nchi mpaka 1997.

Hiyo ndiyo "bora" unayoitaka irudi? Hapana mzee wangu. Unachokikumbuka kwa hamu ni bei ya unga na ujana wako. Usiuchanganye ujana wako na haki za binadamu.

SASA KIJANA

Wewe wasema tuna demokrasia. Naam. Desemba 2002 tulipiga kura, KANU ikaanguka, watu wakaimba barabarani. Februari 2003 milango ya vyumba vya mateso vya Nyayo House ikafunguliwa, raia wakaingia kutazama. Tukaambiwa: haya hayatarudi tena.

Soma yaliyofuata, tena polepole.

Januari na Februari 2007, serikali tuliyoichagua kwa kura ilipakia watu zaidi ya 80 kwenye ndege usiku, wanawake na watoto wakiwemo, na kuwapeleka Somalia. Wengi wao wakaishia kwenye jela za Ethiopia. Hakuna hakimu aliyeamuru. Na sikiliza hii: tarehe 6 Februari 2007, katikati ya safari hizo za ndege, Kenya iliweka saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kupotezwa na serikali. Mkono mmoja unatia saini, mkono wa pili unafunga pingu. Mkataba wenyewe ukakaa miaka na miaka bila kuridhiwa.

Mwezi huo huo wa Februari, Mohammed Abdulmalik Bajabu alikamatwa hapa Mombasa. Akakabidhiwa Wamarekani, akapelekwa Guantánamo. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Karibu miaka kumi na minane, bila kufunguliwa mashtaka hata siku moja. Moi hakuwahi kumfunga mtu miaka kumi na minane bila kesi. Hiyo ilikuwa kazi ya demokrasia mbili zikishirikiana, yetu changa na ya Marekani kongwe.

Halafu tukapata Katiba mpya, tarehe 27 Agosti 2010. Miaka miwili baadaye, tarehe ile ile, 27 Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi mchana kweupe Bamburi, ndani ya gari, pamoja na familia yake. Alikuwa na kesi mahakamani na yuko nje kwa dhamana. Wengi wetu tuliyapinga maneno yake, tena hadharani. Lakini kesi ilikuwa na hakimu. Nani aliifupisha? Oktoba 2013 akafuata Sheikh Ibrahim Ismail na wenzake. Aprili 2014 Abubakar Shariff, Makaburi, akauawa nje ya mahakama ya Shimo la Tewa. Nje ya mahakama, ndugu zangu! Kama vile muuaji alitaka tuelewe mahakama ni ya nini. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji haya.

Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, na viatu vyao na bunduki zao. Zaidi ya watu 100 wakakamatwa. Kijana mmoja alipigwa picha na waandishi wa habari akiwa mikononi mwa polisi, mzima wa afya. Tangu hapo hajaonekana. Polisi walisema alitoroka.

Desemba 2016 Haki Africa ilitoa ripoti iliyoorodhesha watu 81 wa Pwani waliouawa au kupotezwa tangu 2012. Themanini na mmoja. Kwa majina.

Kijana, hayo yote yalitokea chini ya katiba unayojivunia. Hakuna jenerali aliyepindua serikali. Hakuna chama kimoja. Uchaguzi ulifanyika kwa wakati wake, wino kidoleni.

MIZANI INASEMA NINI

Sasa weka viwili hivi pamoja uone tofauti yenyewe iko wapi.

Udikteta uliitumia sheria kama rungu. Moi alipotaka kumfunga mtu bila kesi, katiba ya wakati ule ilimruhusu, ila ilimlazimu jina la mfungwa litangazwe kwenye Gazeti Rasmi ndani ya siku 14. Ulikuwa uonevu wenye mhuri. Ndiyo maana miaka mingi baadaye waathiriwa wa Nyayo House waliweza kwenda mahakamani na kulipwa fidia: kulikuwa na faili, kulikuwa na hukumu, kulikuwa na jengo.

Demokrasia yetu imeuondoa mhuri. Kifungu cha 49 cha Katiba chasema ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Kifungu cha 25 chataja haki nne zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile: usiteswe, usifanywe mtumwa, upate kesi ya haki, na mahakama iweze kuamuru uletwe mbele yake. Ni maneno mazuri kabisa. Sasa ofisa anayetaka kukutesa akiyasoma afanye nini? Ana njia mbili. Ya kwanza, aache. Ya pili, asikukamate rasmi. Asikuandike kwenye kitabu cha kituo. Aje na gari lisilo na nambari, asivae sare, asiseme jina. Usipokamatwa, saa 24 hazianzi kuhesabiwa.

Hiyo ndiyo siri ya enzi hii. Sheria imekuwa kali, kwa hivyo uonevu umehamia gizani. Moi alikuwa akificha seli. Hawa wanaficha ukamataji wenyewe.

Na kuna la pili, chungu zaidi. Dikteta humwogopa kila mtu, kwa hivyo humpiga kila mtu: Mjaluo, Mkikuyu, Msomali, Mswahili, profesa na makanga. Serikali ya kura huogopa walio wengi tu. Walio wachache ikiwapiga haipotezi kitu, na wakati mwingine hupata kura. Baada ya kila shambulizi la kigaidi nchi iliumia na kukasirika, na haki yao kukasirika. Mwanasiasa akatafuta wa kuonyeshwa. Aprili 2014 maelfu wakazolewa Eastleigh na kurundikwa uwanja wa Kasarani. Nani alipoteza kiti cha ubunge kwa sababu hiyo? Hakuna.

Ukiona ni jambo la Kenya tu, tazama jirani. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar waliwekwa rumande Bara miaka na miaka kwa mashtaka ya ugaidi, na Juni 2021 mashtaka yakafutwa bila kesi kusikizwa hadi mwisho. Tanzania nayo hupiga kura kila miaka mitano.

Demokrasia ni hesabu ya vichwa. Haki haina hesabu, kichwa kimoja kinatosha. Asiyejua tofauti ya hivi viwili ataendelea kusherehekea uchaguzi huku jirani yake anatafuta maiti.

"LAKINI WALIKUWA MAGAIDI"

Najua kuna mtu anasoma hapa na ameshaanza kuandika hilo chini. Ngoja nikujibu mapema.

Ugaidi upo, na umetuua sisi pia. Juni 2014 Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, aliyesimama hadharani kupinga misimamo mikali, alipigwa risasi hapa Mombasa. Aprili 2015 watu 148, wanafunzi na wengineo, waliuawa Garissa. Hatulifichi hilo wala hatulitafutii visingizio. Damu ni damu.

Ila nakuuliza: nani amesema huyu aliyepotea ni gaidi? Hakimu? Hapana, hajamwona. Ushahidi? Haukutolewa. Amesema yule yule aliyemchukua. Ukikubali mtu mmoja awe askari, shahidi, hakimu na mchimba kaburi, basi umeshamrudisha Moi, tofauti ni kuwa huyu hana hata picha ukutani.

Na huwa hawaishii kwa magaidi. Aprili 2015 serikali ilifungia akaunti za benki za MUHURI na Haki Africa, mashirika yaliyokuwa yakiandika majina ya waliopotea, na kuyatia kwenye orodha ya ugaidi. Mahakama Kuu Mombasa mwaka huo huo ikasema hakuna uthibitisho na akaunti zifunguliwe. Fikiria lau kusingekuwa na pesa za wakili.

Kisha likaja la 2024. Vijana wa nchi nzima waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa, na kufikia Desemba visa 82 vya watu kutekwa, 29 kati yao wakiwa bado hawajulikani walipo. Magari yale yale, mtindo ule ule. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang' alichukuliwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Nchi ikashtuka: haya yameanza lini?

Yameanza Majengo, jamani. Yameanza Likoni na Kisauni. Tulipopiga kelele mwaka 2012 mlisema hao ni wale. Pwani ilikuwa shule ya mazoezi, na mwanafunzi amehitimu. Sisemi haya kwa kuwasimanga. Vijana wa Nairobi na Kisumu ni wenzetu, na kilio chao ni chetu. Nasema ili tuelewe kanuni: chombo cha uonevu kikishanolewa kwa shingo ya mtu usiyempenda, hakiwekwi kabatini.

MWENYE KUUMIA NI NANI

Aliyeuawa tunamzika, tunamsomea, tunamrudisha kwa Mola wake. Aliyepotezwa je?

Mkewe hajui kama ni mke au mjane. Atakaa eda ya nani, na kuanzia siku gani? Mirathi hufuata kifo, na kifo hakuna, kwa hivyo nyumba haigawiwi, akaunti ya benki haifunguki, shamba haliandikwi. Mafaqihi walimpa mtu huyu jina, mafqudi, na wakamwekea milango yake, lakini kadhi naye anataka ushahidi au muda. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo inataka miaka saba bila habari zake ndipo ahesabiwe amekufa. Miaka saba! Mtoto aliyekuwa akinyonya baba alipochukuliwa ataingia darasa la kwanza na la pili bado mama yake hana jibu la kuandika kwenye fomu ya shule, pale penye "baba: yu hai / amefariki".

Hakuna katika orodha ya adhabu za Kenya, kuanzia faini hadi kitanzi, adhabu kama hii. Na imetolewa kwa familia nzima bila kosa, bila kesi, bila rufaa.

TUFANYE NINI

Kama demokrasia nayo inatuonea, basi ina faida gani? Ina faida moja, nayo si ndogo: imetuachia vifaa ambavyo mzee wa 1986 hakuwa navyo. Polisi watatu na mpasha habari wao walihukumiwa Februari 2023 kwa mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi. Chini ya Moi ungeota ndoto hiyo? Hukumu ile haikuletwa na huruma ya serikali. Ililetwa na mawakili waliojaa barabarani na wasiokubali kunyamaza miaka sita. Kifaa kisichoshikwa hushika kutu.

Kwa hivyo, mambo manne.

Kwanza, mtu akichukuliwa usingoje asubuhi. Saa za mwanzo ndizo zinazookoa. Nendeni wengi, wanawake kwa wanaume, kituo cha karibu kisha Makupa, kisha Central. Dai taarifa iandikwe na upewe nambari ya OB. Wakikataa kuandika, andika wewe: jina la kituo, saa, ofisa aliyekataa.

Pili, tafuta wakili au shirika la haki siku hiyo hiyo, liombe Mahakama Kuu iamuru aletwe, mzima au maiti. Ombi hilo lina nguvu hata kama mtu wenu ana makosa. Peleka malalamiko IPOA pia. Ndiyo, wanachelewa. Lakini faili lililofunguliwa leo ndilo ushahidi wa kesho. Walioteswa Nyayo House walisubiri zaidi ya miaka ishirini kulipwa, na waliolipwa ni wale walioweza kuonyesha.

Tatu, tuwabane wanaoomba kura. Wasituletee maji na mchele wa Ramadhani pekee. Tuwaulize: mkataba wa waliopotezwa utauridhia? Kupoteza mtu kutakuwa kosa la jinai lenye jina lake? Na ile sheria ya mchunguzi wa vifo iliyopitishwa 2017, mbona miaka ikapita ofisi haijafunguliwa, na polisi wanaendelea kuchunguza vifo walivyosababisha wenyewe? Asiyekuwa na jibu asipewe kipaza sauti msikitini wala harusini.

Nne, na hili ni gumu: tumtetee hata tusiyempenda. Jirani wa kanisani, mchora vibonzo, mlevi, mhubiri mwenye ulimi mkali, mtu wa bara. Qur'ani imetuamrisha tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, na imetukataza chuki ya watu isitufanye tuache kuwa waadilifu. Haikusema "isipokuwa yule wa mtaa wa pili".

Pale mwisho wa Ndia Kuu iko Ngome. Mreno aliijenga, Mwarabu akaiteka, Mwingereza akaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Wote watatu walikuwa na bendera tofauti na maneno tofauti ya kujisifu. Mfungwa wa ndani alikuwa mtoto wa mji huu huu. Kwa hivyo mtu akikuuliza barabara ipi bora, ya Moi au ya kura, mwambie sisi hatuhesabu bendera. Tunahesabu waliotoka nyumbani wakarudi, na waliotoka wasirudi.

Hesabu hiyo bado haijafungwa. Kama mtu wenu ni mmoja wao, hata kama ni miaka kumi iliyopita, hata kama mlitishwa mkanyamaza, tuleteeni jina lake ndani, si hapa hadharani. Tutaliandika. Na wewe uliyesoma hadi hapa, mtumie mzee wako wa barazani na kijana wake, wote wawili, wabishane wakiwa na hesabu mkononi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa, awarudishe waliopotea, na atutie ujasiri sisi tuliobaki. Amin.